Nabulungi ndiye mwenzetu, na ile shoo ilimwacha njiani

Sisi tulioliacha Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, hao ambao wengi mnawajua kama Wamormoni, tukikutana watatu wanne lazima stori ifike kwa The Book of Mormon. Sisemi kile kitabu kitakatifu cha kanisa, nasema ile shoo ya nyimbo na vichekesho ya Broadway iliyofunguliwa Machi 2011 pale Eugene O'Neill Theatre, New York, ikabeba tuzo 9 za Tony mwaka huohuo na mpaka leo watu bado wanakata tiketi. Walioitunga, Trey Parker, Matt Stone na Robert Lopez, hawajawahi kuwa waumini, na bado utasikia mtu aliyezaliwa Utah kwa ukoo uliokuwa kanisani tangu enzi za Brigham Young, kiongozi wa pili wa kanisa, anakuambia alilia ukumbini kwa sababu hakuna aliyewahi kumwelewa vile. Namwamini kabisa. Mimi nililelewa kanisani Nairobi, shoo nimeitazama London, na pia nililia, ila si pale wao walipolia, na tangu siku hiyo nina hoja moja ambayo wenzangu wa Marekani wanaipokea kwa shida: mtu anayepitia kile tulichopitia sisi stejini si Elder Price, yule mmisionari wa Kimarekani. Ni Nabulungi, msichana wa Uganda, na shoo inamwacha njiani.

Wacha kwanza niwape haki yao, maana kuna mengi walipatia. Vijana wawili, Price na Cunningham, wanatumwa miaka 2 kijiji cha kaskazini mwa Uganda, shati jeupe, tai, beji nyeusi kifuani, na sheria kwamba huwezi kumwacha mwenzako hata kidogo. Hiyo ni kweli tupu. Price akimwacha Cunningham usiku anaota jehanamu, na mle ndani kuna vikombe vya kahawa vinacheza, watu wa nje wanacheka tu lakini mtu aliyekua na Neno la Hekima, aliyefundishwa tangu mtoto kwamba chai na kahawa ni kuvunja agano, anajua ile hofu inakaa wapi mwilini. Kuna wanaolalamika kwamba mafundisho ya kanisa hayana moto wa aina ile, na ni kweli, kanisa linafundisha falme tatu za utukufu, lakini hatia haisomi mafundisho, inakuja tu. Na hao vijana wa kweli, mpaka Februari 2019, simu ya nyumbani ilikuwa Krismasi na Siku ya Mama, basi, zingine zote ni barua pepe. Fikiria mtoto wa miaka 19 yuko Mbale au Kisumu, mvua inanyesha, mtu amemfungia mlango usoni, na mama yake hawezi kumpigia.

Afu kuna Turn It Off, ule wimbo wa kuzima hisia kama unavyozima taa. Elder McKinley, mmisionari mwenzao, anaficha kwamba anapenda wanaume, mwingine anaficha dada aliyekufa na saratani, mwingine baba aliyempiga mama, na wote wanacheza huku wanatabasamu. Hapo ndipo Wamarekani wengi niliokaa nao wanavunjika, hasa wale ambao Novemba 2015 walikuwa bado ndani wakati kanisa lilipotoa sera kwamba watoto wa wazazi wa jinsia moja wasibatizwe, na Aprili 2019 likaiondoa. Watu walikuwa wameshaondoka, familia zimeshagawanyika, na sera ikafutwa kama karatasi. Kwa hivyo wakiniambia wimbo ule umewasema vizuri kuliko mahubiri yoyote, mimi nanyamaza na kuwasikiliza.

Sasa twende kwa pale mimi nilipokwama. Kwenye sehemu ya pili Price anaimba I Believe, anaorodhesha imani zake zote, na anaziimba mbele ya jenerali mwenye bunduki na vijana wake, Waafrika. Katika orodha hiyo anaimba kwamba anaamini mwaka 1978 Mungu alibadilisha mawazo kuhusu watu weusi. Ukumbi mzima ulipasuka kwa kicheko. Na ni mstari mzuri sana, nakubali, hakuna aliyewahi kulisema jambo hilo kwa ufupi zaidi. Brigham Young alitangaza mwaka 1852 kwamba mwanaume mweusi hapati ukuhani, na zuio likakaa mpaka Juni 1978 Spencer Kimball, rais wa kanisa, alipotangaza limeondolewa, miaka 126, na muda wote huo Mmormoni mweusi, mwanaume kwa mwanamke, hakuruhusiwa kupokea baraka za juu za hekaluni wala kuunganishwa na familia yake milele. Kanisa lenyewe lilikuja kuandika Desemba 2013 kwamba zile nadharia za kusema ngozi nyeusi ni laana linazikataa. Mimi hayo nilifundishwa kwa sentensi moja kama habari njema, kwamba mlango ulifunguliwa, sikuwahi kuambiwa nani aliufunga. Kwa hivyo wakati wao wanacheka mimi nilikuwa nahesabu watu: mstari unahusu sisi, anaimbiwa mtu kama sisi, na mtu huyo ameandikwa ili asiwe na jibu. Jenerali angeweza kuuliza swali moja tu. Kwa nini 1978? Hakupewa.

Na hata jina la huyo jenerali limechezea jina la mbabe wa vita wa Liberia, upande mwingine wa bara. Ndo ujue Uganda ile imejengwaje, wamekusanya kila balaa lililowahi kusikika Afrika wakalimwaga kijiji kimoja. Ukeketaji upo kote kwenye hadithi, wakati Uganda ulikuwa mambo ya jamii chache za mashariki, Sebei na Karamoja, na sheria yao ya kuupiga marufuku ilikuwa imeshatoka mwaka 2010, shoo haijafunguliwa hata. Ukimwi umeimbwa kama vile hakuna Mganda aliyewahi kufanya lolote, na hii ndiyo nchi iliyokuwa inatolewa mfano duniani miaka ya tisini kwa kushusha maambukizi. Na kuhusu jukwaa lenyewe, hao watu walijua thieta ya kusema ukweli kwa gharama kubwa, Byron Kawadwa aliyekuwa anaongoza jumba la thieta la taifa pale Kampala aliuawa na utawala wa Amin mwaka 1977. Waganda hawakuhitaji kufundishwa na mtu satire, hiyo kejeli ya kusema ukweli.

Najua jibu, nimeshapewa sana: shoo haiwacheki Waganda, inawacheka Wamarekani wanaoiona Afrika hivyo. Na kuna ukweli, ule wimbo ambapo wamisionari wazungu wanasimama wanaimba kwamba wao ndio Afrika umewapiga hao jamaa sawasawa. Lakini waigizaji weusi waliowahi kuicheza walikaa wakaandika barua mwaka 2020 kuwaambia waandishi kwamba kuna vitu haviko sawa, na kabla Broadway haijafungua tena Novemba 2021 waandishi wakakaa na waigizaji wakarekebisha, wakawapa wanakijiji akili na nguvu zaidi. Kama ingekuwa wazi kila mtu anayecheka anamcheka Mmarekani, hiyo kazi isingehitajika.

Haya, Nabulungi. Huyu msichana anamsikia Cunningham akihubiri, na Cunningham hajasoma kitabu chake mwenyewe, kwa hivyo anabuni, anachanganya na sinema za kubuni za anga za juu, kwa nia nzuri kabisa. Nabulungi anaamini. Na kabla ya hapo, sehemu ya kwanza, alishaimba kuhusu Salt Lake City, makao makuu ya kanisa kule Utah, kama mahali ambapo mama hafi na mtoto halali njaa, na wimbo ule wengine wanauona wa kuchekesha kwa vile anavyolitamka jina la mji. Mimi hapo ndipo nililia. Kwa sababu nimekua na watu wenye ndoto hiyohiyo na haikuwa ujinga. Kulikuwa na Mfuko wa Elimu wa Kudumu uliotangazwa na Gordon Hinckley, rais wa kanisa wakati huo, mwaka 2001, mkopo wa kusomea ufundi au chuo kwa muumini kijana, kulikuwa na vijana wa Utah waliokuwa marafiki zetu wa kweli, kulikuwa na tawi la kanisa ambalo ukiugua watu wanakuja na chakula. Imani kwetu ilikuja na mlango wa kwenda mahali. Ukitoka, unatoka kwa Mungu uliyefundishwa na kwa mlango huo pia, siku moja.

Afu rais wa misheni, bosi wa wamisionari wa eneo lile, anakuja kijijini, anaona wanakijiji wameigiza hadithi za Cunningham, anakasirika, anawaambia nyinyi si Wamormoni kabisa. Na Nabulungi anajua kwa mara ya kwanza kwamba alichopewa kilitungwa na mtu aliyempenda na kumwamini. Anamlaani Mungu. Hapo, ndugu zangu, hapo ndipo tulipo sisi. Kila aliyetoka ana usiku wake wa hivyo, wengine walisoma makala za kanisa lenyewe kuhusu wake wengi wa Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa, wengine ni hilo la 1852, wengine ni lile jiwe ambalo Smith aliliweka kwenye kofia akitafsiri Kitabu cha Mormoni, lakini hisia ni ile moja, kwamba aliyekuambia alikupenda na alichokuambia hakikuwa kweli, na hujui ushike lipi.

Shoo inampa dakika chache. Anaenda kuwaambia wenzake, na wenzake wanamshangaa, wanamwambia kwani wewe ulidhani ni kweli, hayo yote ni mafumbo, Salt Lake City si mahali, ni wazo. Watu wanacheka, Price naye anasema haijalishi kama ni kweli mradi inatusaidia, wanaungana wote, wanatoka kuhubiri hadithi zile mlango kwa mlango na pazia linafungwa. Rafiki zangu wengi waliotoka wanaupenda mwisho huo. Wanasema umewapa namna ya kuwapenda wazazi wao walio ndani bado. Sitaki kuwanyang'anya hilo.

Lakini tukiwa wakweli, mwisho huo ni wa mtu ambaye hajawahi kutoka popote. Sisi tulitoka kwa sababu ilijalisha. Kuna watu walipoteza ndoa, kuna waliokosa kuingia hekaluni kwenye harusi za watoto wao, ati kumbe wangeambiwa tu ni mafumbo wangekaa. Na linaloniuma zaidi ni kwamba Price, mzungu, anaruhusiwa kutaka ukweli tangu sehemu ya kwanza, anahangaika, anaota jehanamu, anakasirika na Mungu, na sisi tunakaa naye. Mganda akitaka ukweli anaambiwa ashukuru hadithi, mradi imempa faraja. Ndiyo maana kanisa halikusumbuka sana, lilitoa tamko fupi la upole, afu likanunua tangazo ndani ya vijitabu vya shoo likisema umeona mchezo, sasa soma kitabu. Kwa mwisho ule unaogopa nini?

Satire ya imani yetu ya zamani naitaka, na naitaka kali. Jiji la Nairobi sasa lina hekalu, lilizinduliwa Mei 2025, na wamisionari wengi wanaokugongea mlango mitaa ya Afrika Mashariki ni Waafrika wenyewe, kuna dada pia, ambao kwa ile shoo hawaonekani mpaka dakika za mwisho, kabla ya hapo wamisionari wote stejini ni wavulana. Mtu wa Kampala au Nairobi aliyewahi kuvaa ile beji ana hadithi ambayo Parker na Stone hawawezi kuiandika hata wakikaa na waigizaji mwaka mzima. Mimi ningeianzia palepale, Nabulungi amebaki peke yake baada ya rais wa misheni kuondoka, na wenzake wakianza kumwambia habari za mafumbo awakatize, amrudie Cunningham, amuulize hadithi moja baada ya nyingine ni ipi alibuni, na Cunningham ajibu zote mbele ya ukumbi bila wimbo wowote wa kumwokoa.