Keneli Iliyokosa Diski Yake

Nyumba tunayopanga hapa Mbagala ina mita moja ya Luku kwa wapangaji wote, kwa hiyo kila feni inayovuma usiku hutafutiwa mwenyewe. Katika nyumba ya namna hiyo nilichagua kuweka Gentoo, mfumo wa Linux uliopewa jina la pengwini anayeogelea kwa kasi kuliko pengwini wenzake wote, ingawa kabla ya kuionja kasi hiyo kwa desturi mtumiaji huiachia kompyuta yake ikompaili, yaani ijitengenezee, karibu kila programu kutoka msimbo chanzo, maandishi ya waandishi wa programu.

Keneli, kiini cha mfumo wote, ilipoanza kukompailiwa, kompyuta ilivuma hata mama mwenye nyumba akafika mlangoni na tochi ya simu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Umewasha jiko la umeme?”

“Hapana, mama. Kompyuta inatengeneza programu.”

Alichungulia uvunguni kutafuta sufuria, asiione. “Kwani hakuna zilizokwisha kutengenezwa?”

Swali hilo limewasumbua watumiaji wa Gentoo tangu toleo la 1.0 lilipotoka mwaka 2002, nami sikuwa na jibu la kumpa usiku ule.

Asubuhi niliiwasha upya kompyuta, na keneli, baada ya kumwaga mistari mingi kwa madaha, ikatangaza kwamba imepatwa na taharuki kwa sababu haioni diski ya kuanzia. Diski ilikuwapo, tena nzima. Kumbe draiva yake ya NVMe, programu ya kuiwezesha keneli kuisoma diski ya aina hiyo, ilikuwa imetengenezwa kama moduli ya pembeni badala ya kujengwa ndani ya keneli, na moduli zote hukaa diskini. Kwa kuwa hapakuwa na initramfs, mfumo mdogo wa muda unaopakiwa kwenye kumbukumbu kabla diski haijasomwa, ya kuitangulizia draiva hiyo, keneli ilihitaji draiva ili isome diski, na ilihitaji diski ili ipate draiva, mfano wa mtu aliyejifungia nje na ufunguo umebaki mezani. Ilinibidi niwashe kwa flashi, niingie kwenye mfumo wangu wa diskini kwa amri ya chroot, nibadilishe herufi M ya moduli kuwa nyota ya kujengwa ndani kwenye menyu ya usanidi, kisha nikompaili tena.

Feni ilivuma, uniti zikaisha, nyumba nzima ikawa giza. Wapangaji walichanga kwa manung'uniko, na umeme uliporudi nilishukuru kwamba make, programu inayosimamia kazi ya kukompaili, huendelea pale ilipoishia. Hatimaye mfumo ukawaka, na wachangaji wote wakajazana chumbani kuiona faida ya fedha zao: skrini nyeusi yenye neno moja la kuomba jina la mtumiaji.

“Picha ziko wapi?” aliuliza mama mwenye nyumba.

“Bado, mama. Sehemu ya picha hupakuliwa kwenye mtandao.”

“Basi pakua.”

Hapo ndipo ilipobainika kwamba dhcpcd, programu ya kuiombea kompyuta anwani ya mtandao, haikuwamo, na kwamba nayo hupatikana kwa kupakuliwa kwenye mtandao. Nilieleza jambo hilo taratibu, kwa adabu zote. Mama alinisikiliza hadi mwisho, akafungua daftari lake la Luku, akanihamishia kwenye ukurasa wa wenye friji.