Mtume Tomaso na India: ile sarafu inambeba nani?

Kila ikifika Julai 3, sikukuu ya Mtume Tomaso, ubishi unaanza upya, alifika India kweli au ni stori tu? Wakristo wa Kerala, jimbo la kusini mwa India, wanaoitwa Nasrani hawana wasiwasi, watakwambia alishuka bandari ya kale ya Muziris mwaka 52, akaanzisha makanisa saba, akauawa Mylapore, Chennai ya leo, mwaka 72. Wapinzani wanasema sawa, leteni basi andiko la zama hizo, na hapo kusema ukweli hakuna kitu.

Ndo watetezi wanakimbilia kwa mfalme Gondophares. Matendo ya Tomaso, kitabu cha karne ya 3, kinasema mfalme huyo alimpa Tomaso hela amjengee jumba, jamaa akazigawa zote kwa maskini, kuulizwa jumba liko wapi akajibu liko mbinguni utaliona ukishakufa (akatupwa jela, ulitegemea nini). Wasomi walidhani mfalme ni wa kubuni mpaka karne ya 19 zilipoonekana sarafu zenye jina lake, watu wakashangilia. Ila hebu angalia ramani kwanza. Gondophares alitawala pande za Taxila, Pakistan ya leo, Kerala iko kusini kabisa huko, yani ile sarafu ukiichukulia siriasi inawavuruga haohao wanaoipunga.

Papa Benedict XVI aligusa jambo hilo 2006, akasema Tomaso alifika India ya magharibi na ukristo ukashuka kusini kutokea huko. Kerala walikasirika, na maneno yale yakarekebishwa.

Wanaosema safari yenyewe haikuwezekana nao wanazidisha. Meli za kutoka Misri ya Warumi zilifuata pilipili manga Malabar, pwani ya Kerala, kwa upepo wa kusi, uleule uliopeleka majahazi yetu Bara Hindi, na sarafu za Kirumi zimefukuliwa nyingi Kerala. Kwahiyo njia ilikuwepo, kinachokosekana ni ushahidi kuwa yeye alipita.

Mabaki yake ndo kabisa, Chennai wana kaburi, Ortona kule Italia wanasema mifupa wanayo wao tangu 1258, na kabla ya hapo mji wa Edessa, Uturuki ya leo, waliiheshimu toka karne ya 4. Mimi naegemea kaskazini kwa Tomaso mwenyewe, na Kerala nahisi walipelekewa imani na wafanyabiashara wa kutoka Uajemi na Siria, maana ibada zao mpaka leo zina lugha ya kale ya Kisiria ndani yake.