Umaskini Wangu Umekosa Vigezo

Jamani, siku hizi umaskini si kitu cha kujitangazia tu ukaaminika. Zamani ukipita na shati la viraka watu wanaelewa, salamu zinaendelea. Leo shati la viraka halitoshi. Ukitaka ruzuku ya TASAF, ule mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, lazima umaskini wako upite mkutano wa mtaa, upite kwenye dodoso, uingizwe kwenye kishikwambi, ukachakatwe huko makao makuu, halafu urudi kusomwa hadharani. Wangu ulikwenda, haukurudi.

Mimi ni kuli wa mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga Kibirizi, hapahapa Kigoma mjini. Nashusha magunia ya dagaa, nayapandisha kwenye magari, na mgongo wangu umekwisha kuinama upande wa Ujiji. Mama watoto anaanika dagaa za watu vichanjani. Tuna watoto watano, mama mkwe, na jogoo mmoja anayewika kwa kujilazimisha. Kama huu si umaskini, basi naomba mwenye jina lake anitajie.

Mpango wenyewe si mgeni. TASAF ipo tangu mwaka 2000, na hii ya kunusuru kaya maskini, yenye walengwa wanaopokea ruzuku kila baada ya miezi miwili, ikazinduliwa 2012. Ilipoanza, ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi, mwenye watoto anaongezewa 4,000, na vinginevyo kulingana na shule na kliniki. Najua si hela ya kuporomoshea ghorofa. Lakini shilingi 10,000 inayokuja bila mtu kukutwisha gunia, hiyo ni hela tamu kuliko zote duniani.

Sasa utaratibu unasema wananchi wenyewe ndio wazitaje kaya maskini kwenye mkutano wa hadhara. Hapo ndipo pabaya. Mtu akitaka kujua ana mali kiasi gani, asihangaike kwenda benki, aombe msaada mbele ya majirani. Nilikaa mbele kabisa, kichwa nimekiinamisha. Jina langu lilipotajwa tu, mama mmoja akanyanyuka: "Huyu? Si ndiye aliyechinja mbuzi kwenye ndoa ya binti yake?" Mbuzi wa mkopo yule! Deni lake limekwisha binti ana mtoto wa pili! Nyuma huko mwingine akadakia: "Halafu ana baiskeli." Baiskeli gani? Haina tairi la mbele, haina mnyororo, tunaanikia nguo.

Mwenyekiti wa mtaa akaniuliza kama nina la kusema. Nikasema, "Ndugu zangu, yule mbuzi tulimla wote. Kama ni utajiri, basi mnao matumboni humo." Watu wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Ndiyo balaa jingine hilo: mtu akishachekesha, nani ataamini kwamba ana njaa?

Hata hivyo jina likapenya kwa tundu la sindano, tukaambiwa watu wa vishikwambi watapita nyumba kwa nyumba.

Mama watoto kusikia wageni wanakuja, hakulala. Alfajiri kafagia uwanja hadi ardhi ikaona haya. Katoa kile kitambaa cha mezani ambacho hata Idi hakitoki, kajifunga kitenge cha harusi, kakopa ngano na sukari dukani akapika maandazi, na juu yake akakaanga samaki wa migebuka kwa mawese mapya. Harufu ile, hata mimi nilitaka kujihoji. Nikamvuta pembeni: mama, hawa wanakuja kutazama dhiki! Akanijibu, "Dhiki ni yetu sote, aibu ni yangu peke yangu." Basi.

Kijana akaingia, shikamoo mzee, marahaba, karibu kiti. Akanawa, akala, akafuta vidole vizuri kabla ya kugusa kile kishikwambi.

"Mzee, kaya yako inakula milo mingapi kwa siku?"

Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe akajibu kutoka kivulini: "Mitatu, mwanangu. Alhamdulillahi."

Mama huyu, tangu nimemuoa binti yake, hajawahi kunisifia kwa lolote. Kachagua siku ile! Nikamkodolea macho, yeye anaendelea na tasbihi yake.

"Paa?"

"Bati. Lakini andika linavuja."

"Hapa hakuna sehemu ya kuvuja, mzee. Ni bati au nyasi."

"Bati."

"Kochi?"

"Lilikuwepo. Lilikufa."

"Lakini lipo?"

"Lipo pale, mwili wake."

Akabonyeza. Lipo. Simu? Ya tochi. Ipo. Redio? Inakamata kituo kimoja, tena cha Burundi. Ipo. Nilivyokuwa naziona zile bonyezabonyeza, nyumba yangu ilikuwa inageuka hoteli.

Halafu akauliza la mwisho lililoniua kabisa: wiki hii umeingiza kiasi gani?

Wenzangu wa Kibirizi na Katonga hapo mnanielewa. Dagaa za ziwa hili la Tanganyika zinavuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa haupo, giza limeshika, dagaa wanaifuata taa, mitumbwi inarudi imejaa, na kuli anapata chake. Mbalamwezi ikitoka, taa haina kazi. Dagaa anaona kila kitu, akufuate wewe wa nini? Mitumbwi inalala, na sisi tunalala. Sasa vijana hawa walikuja lini? Katikati ya giza! Wiki ile mwalo ulikuwa umechafuka kwa dagaa, mfukoni nina noti mbili tatu, na mimi ni Mwislamu, siwezi kumdanganya mtu aliyekula kwangu. Nikataja. Akaandika, akaniambia asante mzee. Nikamwomba arudi wakati wa mbalamwezi aje aone sinema ya upande wa pili. Akasema ratiba inampeleka Uvinza.

Tena afadhali mbalamwezi, ni siku chache inapita. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, miezi mitatu mizima, kwamba samaki wapumzike wazaliane. Sina ubishi, samaki walikuwa wamepungua kweli, hata mtoto wa hapa anajua. Ziwa likapumzishwa. Dagaa wakapumzika. Mimi je? Hakuna aliyekuja na kishikwambi miezi ile. Tulikula sombe, majani ya muhogo, mpaka mama mkwe akaanza kuhesabu majani. Angeulizwa milo siku zile, sijui angejibu nini.

Majina yakatoka, langu halipo. La jirani lipo.

Jirani yangu huyu tunaachana kwa ukuta wa mabua. Miaka ile nabeba magunia ili niezeke bati, yeye alikuwa amelala chini ya mwembe. Leo mimi bati limenifukuza, yeye mwembe unamlipa. Nisiseme uongo, hela ile imewasaidia. Masharti yanataka watoto wadogo wafikishwe kliniki na wakubwa wasikose shule, na watoto wake kweli nawaona na madaftari. Tena wakati wa ajira za muda anakwenda na wenzake kuchimba mifereji, miaka ya nyuma ujira ulikuwa shilingi 2,300 kwa siku, anarudi jioni anasema amechoka. Amechoka! Ndiyo nikajua mfereji una nguvu, umemchosha mtu yule.

Nikasema yaishe, riziki si ruzuku tu. Mama mkwe amepita miaka 60, na sera inasema wazee wasiojiweza watibiwe bure. Nikamchukua. Kumbe bure nayo ina gharama zake. Kwanza barua ya mtendaji. Barua inataka picha ndogo ya mzee. Picha inataka hela, na mama mkwe hakuridhika na ya kwanza, anasema imemzeesha. Ikapigwa nyingine. Halafu nakala ya hiki, nakala ya kile, halafu bodaboda hadi kwa afisa ustawi wa jamii, maana magoti ya mzee hayapandi mlima wa mjini. Nimekopa fedha ili nithibitishe kwamba sina fedha! Nilipomweleza dada wa stesheneri akasema, "Pole baba, ndiyo kazi inayonilisha," akaendelea kutoa nakala.

Nisimlaumu afisa ustawi, dada mpole, alimwamkia mama mkwe kwa heshima zote na kugonga muhuri. Tukafika kwenye kituo kimoja cha afya, daktari akamwona bure, akampima bure, akamwandikia bure. Dirishani tukaambiwa dawa hizo hazipo, tukanunue duka la ng'ambo ya barabara. Ng'ambo ya barabara sera haivuki.

Mama mkwe alilala njia nzima ya kurudi. Alipoamka akaniuliza ile picha ya kwanza nimeipeleka wapi, isije ikatumika.

Kwenye simu sasa. Hela za serikali siku hizi zinapita kwenye simu, na laini inataka usajili wa kidole, na usajili unataka namba ya kitambulisho cha taifa. Kidole changu kimoja cha kamba, kingine cha magunia, vyote vimelainika vimekuwa sabuni. Naweka dole gumba, mashine inakataa. Naweka cha shahada, inakataa. Yule kijana akafuta kioo, akanifuta na mimi, ikakataa. Akaniambia, "Mzee, mashine inakuona huna alama." Miaka yote nafanya kazi kwa vidole hivi, kumbe kazi ndiyo imenifuta jina.

Na kabla ya vidole kuna maswali, maana sisi wa mpakani tunaulizwa kidogo zaidi ya watu wa Dodoma. Kwenye ofisi moja nikaulizwa babu yangu alizaliwa wapi. Nikasema hapahapa. Una uthibitisho? Mwanangu, nikamwambia, babu yangu alizaliwa kabla Wajerumani hawajaishusha meli ya Liemba majini mwaka 1915. Enzi hizo Kigoma na Burundi vyote viko chini ya Mjerumani mmoja. Babu hakuvuka mpaka, mpaka ndio uliokuja ukamkuta anapalilia muhogo. Afisa akafikiri kidogo, akaniambia basi nilete cheti cha kuzaliwa cha babu. Nimwombe nani? Kaiza?

Elimu sitaizungumza sana. Ada iliondolewa tangu 2016, tunashukuru, na kweli ada hatulipi. Tunalipa mlinzi, uji, mtihani wa majaribio na ream ya karatasi. Ada hapana.

Nikahamia kwenye ile mikopo isiyo na riba ya halmashauri, asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Nikaipiga hesabu usiku kucha. Mwanamke si mimi. Ujana ulishaniacha pale Bangwe muda mrefu. Ulemavu, mgongo wangu umejitetea lakini haukutosha. Ukijumlisha vizuri, serikali imemfikiria kila mtu isipokuwa mwanaume mzima mwenye njaa. Basi mama watoto akajiunga na wenzake wauza dagaa, wakaandika katiba, wakafungua akaunti, wakashona na sare. Kushona sare tu, mwaka 2023, mikopo ikasitishwa ipangwe upya. Imerudishwa 2024, lakini siku hizi kikundi kinagombania mweka hazina. Sare mama watoto anaivaa akienda msibani.

Ya juzi ndiyo kali. Jirani yangu, kwa ruzuku ileile, alianza kuku, kuku wakawa mbuzi. Sasa anakuja usiku anabisha hodi kwa sauti ya chini, mtu wa kujikweza mchana leo kawa mnyenyekevu. Kasikia kaya zilizoinuka zinahitimishwa, zitolewe kwenye mpango wapishe wengine. Wapimaji wanapita kesho.

"Shemeji," ananiita shemeji kwa sababu mama watoto ni wa kwao Kasulu, "nihifadhie mbuzi wangu watatu kwako. Kesho jioni nawachukua."

Ujirani ni ujirani. Nikawafunga kwenye baiskeli.

Asubuhi wale vijana, badala ya kuanzia kwa jirani, wakaanzia kwangu. Mmoja ni yuleyule wa migebuka, kumbe hakusahau njia. Akawatazama mbuzi, akanitazama mimi, akawatazama mbuzi tena.

"Mzee, hawa ni wako?"

Ningesema nini? Jirani ameshatoa kichwa juu ya ukuta wa mabua, macho yamemtoka. Nikasema ni wangu.

"Hongera sana, mzee. Umepiga hatua." Akabonyeza.

Jirani kapimwa, kaonekana fukara kabisa, amebaki kwenye mpango. Jioni kaja kuchukua mbuzi wake. Hakuanza na asante. Akawahesabu. Akawahesabu tena, mbele yangu, kwa kuwagusa mmoja mmoja kwenye pembe.

Mama watoto akamchungulia kutoka jikoni. "Hesabu vizuri, shemeji," akamwambia. "Si unajua sisi matajiri tulivyo na tamaa."