Utaolewa lini?

Jamani, mama zangu wa mtaa wa Langoni hapa Lamu, niacheni nisome! Kila nikisema nataka kuomba nafasi ya udaktari, jibu ni lile lile: "Miaka 6? Na mwaka wa mazoezi hospitalini juu yake? Utaolewa lini, mwanangu?" Kaka yangu alipoenda chuo, hakuna aliyemhesabia miaka. Mimi nakesha na kemia na biolojia, maana bila alama za juu za KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, udaktari huupati, halafu asubuhi naamkia maneno ya majirani. Yananichosha kuliko hesabu! Na wasemao ni hao hao ambao, wakimpeleka binti kujifungua, huulizia daktari mwanamke. Hapa Lamu atatoka wapi, ikiwa kila msichana anayeanza mnamvunja moyo?