Snuka: Kichwa Kikiinuka, Kosa Liko Wapi?

"Tuliza kichwa." Ukikosa mpira rahisi kwenye snuka, mchezo wa kuingiza mipira kwenye mashimo ya meza kwa fimbo, hilo ndilo neno la kwanza utakaloambiwa. Nimeambiwa mara nyingi, nami nimewaambia wengine. Siku hizi nasita kidogo kabla ya kulisema. Si kwamba ni uongo, ila naona linaanzia mwisho wa habari.

Wanaolishikilia wana hoja nzito, maana meza ya snuka haisamehe. Urefu wake ni futi 12, na kipenyo cha mpira ni milimita 52.5 tu. Tuseme mpira mweupe, ule unaopigwa kwa fimbo, uko mita 1.5 kutoka kwa mwekundu unaoulenga. Ukiupiga ukapotoka sehemu moja ya kumi ya digrii, utafika umehama milimita 2.6 hivi. Ni kidogo mno, lakini kwa kuwa mipira ni duara, kosa hukua pale inapogongana: mwekundu huondoka umepinda karibu digrii 3, na ukisafiri mita moja umeshakwenda kombo sentimita 5. Sasa rudi kwenye mkono wa nyuma unaoshika fimbo, sentimita 90 hivi kutoka mkono wa mbele unaoegemewa na fimbo mezani. Huko, kosa lote hilo ni milimita moja na nusu. Kichwa kikiinuka, bega hufuata, na bega haliwezi kusogea bila kuuyumbisha mkono kwa kiasi hicho.

Upande wa pili, wa wanaosema kichwa si kitu, nao haukosi ushahidi. Alex Higgins, bingwa wa dunia mwaka 1972 na 1982, alijulikana kwa kuinuka na kuyumbisha mwili anapopiga. Isitoshe, ncha ya fimbo hugusa mpira kwa muda mfupi sana, chini ya kufumba jicho. Kichwa kikiinuka baada ya hapo, mpira umeshakwenda zake. Hoja hii naikubali nusu. Ni kweli kwamba cha kuchunguza ni kilichotokea kabla ya kugusa, lakini kumfanya Higgins kuwa kipimo cha anayejifunza ni kumdanganya. Afadhali mfano wa Joe Davis, aliyetwaa ubingwa wa dunia mara 15 kati ya 1927 na 1946. Jicho lake la kulia lilikuwa dhaifu, hivyo fimbo aliipitisha chini ya jicho la kushoto. Mahali pa kichwa panategemea macho ya mtu. Kilicho muhimu ni kisihame pale kilipotua.

Na kwa nini kihame? Hapa ndipo ushauri wetu unaponyamaza. Kwa miezi kadhaa nilipigana na kidevu changu kibaki kwenye fimbo, mpaka nilipoweka simu chini mbele ya meza nikajirekodi. Nilipoitazama video polepole, kidevu kilikuwa cha mwisho kusogea. Kwanza vidole viliikaba fimbo kabla haijaanza kwenda mbele, kisha kifundo cha mkono kikakakamaa, bega likapanda, ndipo kidevu kikaachana na fimbo. Nilikuwa nalaumu moshi na moto unawaka kwingine. Wengine moto wao uko miguuni: hawawezi kubaki wameinama sekunde tatu baada ya kupiga bila kupepesuka. Wengine uko machoni: jicho linakimbilia shimo kabla ya wakati, na kichwa kinalifuata.

Kibaya zaidi, amri ya kutuliza kichwa ikirudiwa sana huleta ugumu wa shingo. Mtu anabana pumzi, mkono unakaza, anapiga kwa hofu.

Hata hivyo sitaki kichwa kisahauliwe, kwa kuwa ndicho kengele bora tuliyonayo. Fimbo ikigusa kidevu kwa wepesi, utahisi mara moja ikiachana nacho mapema. Ila kengele haizimi moto.

Kuna zoezi maarufu la kuupiga mweupe juu ya alama za mezani wanapowekwa mipira ya kahawia, buluu, waridi na nyeusi mpaka urudi kwenye ncha ya fimbo. Ni zuri, lakini halina shimo la kutamani, hivyo wengi hulifanya vizuri kisha wakainuka kwenye mwekundu wa mbali. Mimi huweka mpira wa buluu kwenye alama yake, mweupe nyuma yake kwa mstari ulionyooka hadi shimo la kona. Kumi napiga nikiwaza kichwa, kumi nikiwaza vidole, kisha nahesabu. Vidole hushinda karibu kila siku, isipokuwa nikiwa nimechoka. Hapo miguu hulegea, na inabidi nianze na mkao upya.