Injini ikizimika juu ya mtama: tatizo ni kimo au mwendo?

Kwelea kwelea, ndege wadogo walao nafaka, wakivamia mtama na uwele wa Bahi, Kondoa au Chamwino mkoani Dodoma, mjadala ule ule hurudi: kwa nini helikopta iwanyunyizie sumu ikiwa mita 5 tu juu ya mimea, ilhali injini ikizimika rubani hana hata muda wa kupepesa macho?

Wanaotaka ipande hadi mita 20 wana hoja. Injini ikikata, mapanga yanatakiwa yaendelee kuzungushwa na hewa inayotoka chini, yaani otorotesheni, na kwa hilo rubani hushusha mara moja kolektivu, wenzo unaobadili mwinamo wa mapanga. Kwenye helikopta nyepesi, kuchelewa sekunde moja au mbili kunatosha mizunguko kuporomoka hadi mapanga yasibebe tena. Kimo kinampa muda, na pa kuchagua kutua.

Ila hesabu ina upande wa pili. Mwendo wa noti 60 ni kama mita 30 kwa sekunde. Nguvu ya mwendo huo, kinadharia, yaweza kuinua chombo mita 45. Rubani aliye chini na mwenye mwendo huo huvuta usukani nyuma kwanza, chombo kikapanda kidogo, mwendo ukapungua huku mapanga yakibaki na mizunguko, kisha hukinyoosha na kukilainisha kutua kwa kolektivu. Kwa noti 30 akiba hiyo hubaki robo, mita 12 hivi. Kwa hiyo mita 20 bila mwendo ni mtego mbaya kuliko mita 5 zenye mwendo.

Na mtego huo upo mwisho wa mstari wa kunyunyizia, kwenye kugeuza: tangi zito la sumu, mwendo umepungua, upepo wa nyuma. Ardhi inaonekana kukimbia, rubani akadhani ana mwendo, kumbe mapanga hayana hewa ya kutosha. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na hewa ya joto ni nyepesi. Ziada ya nguvu ni ndogo. Kwa maoni yangu, kinachotakiwa kubadilika ni kona: ziwe pana, zigeukie upepo, na tangi lijazwe nusu. Kupandisha kimo kunapeperusha sumu hadi kwenye maji na vijiji, jambo ambalo wenye hoja ya usalama hulisahau.

Kutua nako kuna lake. Shambani, afuate matuta badala ya kuyakata, maana skidi (chuma cha chini cha kutulia) ikikwama pembeni chombo hupinduka. Kwenye matope ya Bahi, mwendo wa mbele uwe karibu sifuri.

Droni hazina rubani wa kuumia, na kwa viuatilifu vya chini ya lita 5 kwa hekta tangi dogo si kikwazo kikubwa. Betri ndiyo kikwazo: dakika chache za kuruka, wakati kundi lenyewe hunyunyiziwa jioni likitua kulala, na giza halisubiri.

Kabla ya yote, mafuta. Pipa la lita 200 lisimamishwe likiinama kidogo, liachwe litulie saa kadhaa, na bomba la kunyonya lisiguse chini, maana maji hukaa huko, nayo huweza kuzima injini.