Sanduku Lisiloingia Chini ya Kitanda
Nani aliyewaambia watengenezaji wa masanduku kwamba kila msafiri anataka ganda gumu lisilokunjika? Katika meli ya kitalii iliyotoka Miami, chumba chetu kilikuwa chembamba na pa kuhifadhia mizigo ni uvunguni tu, lakini langu liligoma kuingia, likabaki njiani usiku 7, magurudumu yake manne yakiteleza na kugonga kabati kila meli ilipoyumba. Na pasi je? Imepigwa marufuku kwa kuhofia moto, ilhali chakula rasmi cha jioni kinadai shati lililonyooka! Tena usiku wa mwisho, asiyetaka kushuka akibeba sanduku lake mwenyewe anatakiwa aliweke nje ya mlango, wahudumu walichukue. Wangapi kati yetu tumeamka na nguo za kulalia tu, suruali zote zimekwisha kuchukuliwa?